Fundo Chini ya Pindo

Kila shati la Tsofa lilikuwa na fundo. Juu halikuonekana. Ulipaswa kuligeuza shati upande wa ndani na kupapasa pindo la chini, karibu na mshono wa ubavu, ndipo ulikute fundo dogo la uzi, gumu kama punje ya mtama. Shati jekundu lilikuwa na fundo moja, la kijani mawili, la kahawia matatu. Mashati ya buluu na ya manjano hayakuwa na kitu, maana hizo ni rangi alizoziona mwenyewe. Fundo la kwanza alifungiwa na mama yake, Kanze, alipokuwa mtoto wa shule huko Ganze. Baadaye akawa anajifungia. Alikua, akaota ndevu, akawa fundi wa cherehani anayeheshimika Changamwe, na mafundo hakuyaacha.

Siku walipomzika, mama yake aliomba ashikwe mkono, asogezwe karibu na jeneza kabla halijafungwa. Macho yake yalikuwa yamefumbwa na ugonjwa wa sukari, haoni ila mwanga na kivuli. Watu walidhani anataka kumshika mwanawe uso. Hakumshika uso. Aliingiza vidole chini ya pindo la shati, akapapasa polepole, akafika mahali akatulia.

"Moja," akasema. "Ni lile jekundu. Wamemvika alilolipenda."

Wanawake waliomzunguka wakatazamana, wakamwonea huruma, wakafikiri uchungu umempanda kichwani. Roseline pekee ndiye aliyeelewa. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri kutoka Chaani kuja Ganze kwenye maziko hayo, na hapo ndipo machozi aliyokuwa ameyabana njia nzima yalipomtoka.

Roseline na Tsofa walikaa cherehani kwa cherehani, miaka mingi, katika kiwanda cha nguo kilichoko kando ya barabara ya kuelekea Jomvu. Yeye Roseline alitoka bara, upande wa Kakamega, akaja pwani na mume ambaye baadaye aliondoka bila kuaga, akamwachia binti mmoja, Fancy. Kazi yake kiwandani ilikuwa kushona mifuko ya nyuma. Tsofa alishona mikanda ya kiuno. Suruali ikitoka kwa Roseline inaingia kwa Tsofa, na hivyo siku nzima mikono yao ilikuwa ikipokezana kitambaa kama watu wanaokula sahani moja.

Enzi hizo walishona jinzi tu. Kitambaa cha buluu, uzi wa rangi ya bizari. Katika laini nzima ya cherehani hakukuwa na mtu aliyemfikia Tsofa kwa mwendo wala kwa unyoofu wa mshono. Msimamizi wao, Musyoka, mtu wa maneno mengi na moyo usio mbaya, alikuwa akiinua suruali iliyotoka kwa Tsofa na kuwapigia wengine kelele: "Tazameni hii! Huyu Mgiriama anapiga mstari kama amewekewa rula, na nyinyi mnashona kama kuku anatembea!" Laini ilicheka. Tsofa aliinamisha kichwa, akaendelea. Ilikuwa kana kwamba Mungu, baada ya kumnyima rangi nyingine, alimtafutia kazi ndani ya zile mbili alizompa.

Roseline aligundua kwa sababu ya viazi vya karai. Wakati wa chakula walitoka nje ya geti, kwa mama mmoja aliyekaanga viazi na kuviweka mezani pamoja na makopo mawili, moja la pilipili nyekundu ya kusaga, moja la chatini ya kijani ya dania na nazi. Kila siku Tsofa alichovya ncha ya kidole kwanza, akaonja, ndipo akamimina. Siku moja alikuwa na njaa na haraka, hakuonja. Alimimina pilipili kama mtu anayemimina mchuzi. Alipotia kiazi cha kwanza mdomoni, macho yalimtoka, akakohoa, akashika kichwa. Watu wakaangua kicheko.

"Tsofa, leo umeamua kufa shahidi?" mmoja akamtania.

"Niacheni," alisema huku machozi yakimtiririka. "Nasafisha kifua."

Roseline alicheka pia, lakini baadaye, waliporudi kwenye cherehani, alimwinamia akamuuliza kwa sauti ndogo, "Makopo yale huyajui?"

Tsofa alipitisha uzi kwenye tundu la sindano, akauvuta. "Nayajua. Moja la kushoto, moja la kulia. Leo mama amehamisha."

"Na rangi?"

Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyeshikwa mahali alipozoea kujificha. "Mama Fancy, mimi rangi zangu ni za kuambiwa."

Ndipo alipomweleza. Alipokuwa mtoto, mama yake alimtuma shambani kuchuma nyanya zilizoiva, akarudi na kikapu cha mbichi. Akachapwa. Akatumwa tena, akarudi vilevile. Mara ya tatu Kanze aliweka fimbo chini, akamtazama, akakumbuka kaka yake mwenyewe, Ruwa, ambaye ukoo mzima ulijua hafai kutumwa embe. "Una macho ya mjomba wako," akamwambia, na jioni hiyo akakaa naye mkekani, akamfungia fundo la kwanza kwenye shati. Hakuna aliyeliita jambo hilo ugonjwa. Kwao lilikuwa kama kurithi pua.

Tangu siku hiyo Roseline alianza kufikiri juu ya rangi kwa namna ambayo hakuwahi kufikiri. Aliona jinsi Tsofa alivyoweza kupita miaka yote bila kugunduliwa. Majani ni kijani kwa sababu ni majani. Hilo mtu hujifunza kama anavyojifunza kwamba moto unaunguza. Damu ni nyekundu, kahawa ni kahawia. Ukiisha kujua kitu, rangi yake umepewa bure, na hakuna wa kukuuliza kama unaiona. Taabu huanza kitu kisipokuwa na jina lingine, kikiwa ni rangi tupu. Kama koni ya uzi.

Na koni za uzi zikaja. Wateja wa jinzi wa ng'ambo walihamishia biashara yao nchi nyingine, ikabidi kiwanda kitafute wengine. Waliopatikana walitaka suruali za kazi, za watu wa viwandani na mashambani huko kwao, nusu kijani kilichofifia, nusu kahawia. Uzi ulipaswa kufanana na kitambaa. Siku bando la kwanza la suruali hizo lilipofika kwenye laini, Roseline alimwona Tsofa akiziangalia koni mbili zilizowekwa mbele yake. Alizigeuza. Akazipima mkononi. Hata akazinusa. Kisha mkono ukabaki hewani.

Roseline alinyoosha mkono kana kwamba anajinyoosha mgongo, akachukua koni ya kijani, akaufunga mkia wa uzi mafundo mawili, akairudisha. Akachukua ya kahawia, akaifunga matatu.

"Ahsante, dada," alisema Tsofa bila kumtazama.

Ikawa ndiyo desturi yao. Kila jioni kabla ya kutoka, Roseline alizifunga koni za kesho yake mikia, akaziacha juu ya meza ya Tsofa. Yeye akifika asubuhi anazipapasa, anajua, na rangi ya suruali Roseline humnong'oneza. Hakuna mwingine aliyejua. Kazi yake ilibaki nyoofu na ya haraka kama zamani.

Kisha ukaja uvumi ulioshangaza kiwanda kizima: kwamba baadhi yao wataandikwa kazi ya kudumu. Wote walikuwa watu wa mkataba mfupi, ambao ukiisha mtu hukaa roho juu akingoja kuitwa tena. Wa kudumu walikuwa na likizo, na zaidi ya likizo walikuwa na bima ya hospitali, na bima ya kiwanda hicho iliruhusu mtu amwandikishe mzazi. Tsofa hakuwa na mke. Alichotaka ni bima tu. Mama yake alikuwa ameanza kuona ukungu. Daktari wa macho aliyempima alisema sukari ndiyo inayoyala, lakini akitibiwa mapema, kwa ile mashine ya mwanga, yaliyobaki yataokolewa. Matibabu hayo hayakuwa ya mtu wa mkataba mfupi.

"Nimekuweka wa kwanza," Musyoka alimwambia mbele ya watu. "Wa kwanza kabisa. Usinitie aibu."

Wiki hiyo Tsofa alitembea kama mtu aliyepunguziwa mzigo. Aliimba wimbo wa kanisani chini kwa chini huku akishona. Jumamosi jioni alikuja chumbani kwa Roseline, Chaani, na kifurushi cha gazeti kwapani.

"Fungua, Mama Fancy."

Lilikuwa gauni. Kitambaa chake kizito kizuri, rangi ya damu ya mzee, kilichokatwa sawasawa na mwili wake ingawa hakuwahi kumpima. Aliyatazama mabega, akayatazama mapindo, akaona mkono wa fundi. Na shingoni, mikononi na kuzunguka kiuno chote, Tsofa alikuwa amepitisha mapambo ya uzi mnene, mistari miwili miwili, kwa subira ya ajabu. Uzi ulikuwa kijani. Kijani cha mgomba, kikali, kilichoruka kutoka kwenye kitambaa kile kikampiga mtu machoni.

"Kitambaa mwenye duka aliniambia rangi," Tsofa alisema, akisugua viganja. "Uzi nilichagua mwenyewe kwenye sanduku langu nyumbani. Sikumuuliza mtu. Nilitaka safari hii nisimuulize mtu. Uzi na kitambaa vimeungana, au sivyo? Havionekani ni viwili."

Fancy, aliyekuwa akifanya kazi ya shule sakafuni, alifungua mdomo. Mama yake alimkata jicho, akaufunga.

"Vimeungana," alisema Roseline. "Limependeza sana, Tsofa. Limependeza mno."

Alilivaa kanisani kesho yake. Wenzake wa kwaya walimzunguka. "Roseline, huu ni mtindo gani tena? Umejipamba kama mti wa Krismasi!" Akawajibu kwamba ndio mtindo wa sasa, wao wamechelewa. Aliendelea kulivaa, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka wakalizoea.

Siku iliyoharibu mambo, Roseline hakuwepo. Fancy aliamka na homa kali, ikabidi ampeleke zahanati. Hakuwa na wasiwasi. Koni alikuwa amezifunga jana yake jioni kama kawaida. Yaliyotokea alikuja kusimuliwa, kwanza na wenzake wa laini, kisha na Tsofa mwenyewe kwa maneno machache.

Wageni walikuwa wanakuja, wale wateja wa suruali za kazi, kukagua kiwanda. Musyoka aliingia mapema kuliko wote, akapita meza baada ya meza na mkasi mkononi akisafisha. "Sitaki uzi wowote unaoning'inia," alikuwa akisema. "Wazungu wakiona nyuzi zinaning'inia watadhani tunashona chooni." Kila mkia wa koni aliukata. Alipofika meza ya Tsofa akaikata na mikia ya hapo, tena kwa uangalifu zaidi, kwa sababu ndiyo meza aliyokusudia kuwaonyesha wageni.

Tsofa alifika akapapasa, hakupata kitu. Kiti cha Roseline kilikuwa na msichana mgeni aliyeletwa kujazia. Angeweza kumuuliza. Lakini kumuuliza mtu mzima mwenye macho "hii ni rangi gani" ni kujitangaza, na siku ile si siku ya kujitangaza. Suruali alidhani ni za kijani, maana ndizo walizoziacha jana, na akakumbuka koni ya kijani jana ilikuwa imepungua zaidi. Akazipima mkononi, akachukua nyepesi. Hakujua kwamba jana jioni, baada ya wao kutoka, zamu ya ziada ilikaa mezani pake ikashona kahawia.

Alishona kwa kasi yake ileile, na kasi hiyo ndiyo iliyozidisha hasara. Wageni walipofika kwenye meza yake palikuwa na mlima wa suruali za kijani zilizofungwa kiuno kwa uzi wa kahawia, mshono mnyoofu usio na doa.

"Tsofa," Musyoka alisema, sauti imemkauka. "Umelewa?"

"Sijalewa, mkubwa."

"Basi hii ni nini? Hii suruali ni rangi gani?"

Cherehani zilizokuwa karibu zilinyamaza, moja baada ya nyingine.

"Nakuuliza wewe. Rangi gani?"

Tsofa alisimama, mikono imekaa ubavuni, asijue kosa liko kwenye uzi au kwenye kitambaa, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Roseline alirudi kesho yake, akasikia, akamwendea Musyoka kabla hata hajakaa. "Mimi nitakuwa namfungia uzi. Nimekuwa nikimfungia siku zote, na wewe mwenyewe ulisema hakuna kama yeye."

Musyoka alijipangusa uso. "Mama Fancy, unafikiri mimi nimefurahi? Nilimweka wa kwanza. Sasa wale watu wamesema kila anayeandikwa lazima apimwe macho, pamoja na rangi. Si mimi. Mimi ningemwacha hapo mpaka azeeke."

Alipimwa kwenye kile chumba kidogo cha zahanati ya kiwanda. Roseline aliomba ruhusa akasimama mlangoni. Muuguzi, Mwanatatu, mama wa makamo kutoka Likoni aliyewaita wafanyakazi wote wanangu, alifungua kitabu chenye duara zilizojaa vidoa.

"Hapa waona nambari gani, mwanangu?"

"Sioni nambari."

"Tazama vizuri. Usifanye haraka."

"Naona vidoa vingi, mama. Vizuri tu. Kama mchanga uliomwagika."

Roseline kutoka mlangoni aliiona ile nambari, kubwa, ya wazi, kama imepigiwa kelele. Aliisogeza midomo bila sauti. Tsofa hakugeuka. Mwanatatu alifunua ukurasa mwingine, na mwingine, akamwonyesha na kadi ya buluu, akaitaja, na mwishowe akakifunga kitabu taratibu.

"Huu si ugonjwa," alisema. "Na hauna dawa. Kwa wengi walio nao, nyekundu, kijani na kahawia huwa ni ndugu wa kufanana, hawajui wamshike yupi. Upande wa mama kuna mwingine?"

"Mjomba wangu."

"Ndivyo upitavyo. Wallahi, mwanangu, lau kalamu ingekuwa yangu, ningeandika vingine. Lakini watauliza ni nani aliyempima."

"Buluu niliipata?"

"Uliipata."

"Basi waambie wanipe jinzi."

Mwanatatu alimtazama Roseline. Wote watatu walijua jinzi hazishonwi tena pale.

Hakufukuzwa. Mkataba wake uliisha, hakuitwa tena, basi. Alijaribu viwanda vingine, lakini kipimo kile kilikuwa kimeenea. Alijaribu soko la Kongowea kwa rafiki wa ndugu yake, kuchagua nyanya zinazotoka kwenye malori. Alibonyeza kila moja kwa kidole gumba na kuinusa, na wenzake walikuwa wamemaliza kreti yeye hajafika kati. Aliweka cherehani kwenye baraza moja huko Chaani. Watu walimpenda, ila sweta ya shule ya kijani ikirudi nyumbani imezibwa kwa uzi wa damu ya mzee, mama wa mtoto harudi mara ya pili. Roseline alipita jioni akitoka kazini kumpangia nyuzi, lakini kazi ya barazani huja mchana, na mchana Roseline alikuwa kiwandani, akishona mifuko, karibu na kiti ambacho sasa kilikaliwa na msichana yule wa kujazia.

Wakati wote huo ukungu wa Kanze ulizidi kuwa mzito. Ulipofika mahali pa yeye kukosa mlango wa nyumba yake mwenyewe, Tsofa aliamua kurudi Ganze kumwangalia.

Huko ndiko alikokaa mpaka homa ilipomchukua, ghafla, katika wiki moja ya mvua. Kanze alimsimulia Roseline baada ya maziko kwamba kila asubuhi mwanawe alimchagulia leso ya kujifunga. Alikuwa amezifunga zote mafundo pembeni. "Ananipa mkononi, napapasa, namwambia ni ipi," bibi alisema. "Tunacheka. Mtu na mwanawe, sote wawili twaona kwa vidole."

Lakini Roseline, kila amkumbukapo Tsofa, hurudi kwenye ile Jumapili aliyokuja kuaga. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka kanisani, yumo ndani ya lile gauni. Alipika chai, Fancy akaleta mandazi. Walizungumza mambo ya kawaida: mvua kama imefika Ganze, Musyoka na kelele zake, bei ya sukari. Jambo lililokuwa mbele yao hawakuligusa. Mara kadhaa Roseline alimwona akilitazama gauni, shingoni, kisha mikononi, akifuata mistari ile miwili miwili kama mtu anayesoma maandishi ya lugha aliyoambiwa ni yake.

Alimsindikiza mpaka barabarani. Tsofa alikuwa amebeba cherehani yake begani imefungwa kwa gunia, amevaa shati lake jekundu. Aliiweka chini, akampa mkono, akaushika mkono wake kwa muda, kidole gumba kikipita polepole juu ya mshono wa mkono wa gauni.

"Mama Fancy," alisema, "siku utakayochoka kunifichia, fumua uzi tu. Kitambaa usikitupe, ni kizuri."